Udogo wa Jeraha

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilitafutia Kiswahili neno moja la matabibu, na kila nikidhani nimelipata, siku ya pili huliona limenihadaa. Ni neno ambalo Waingereza huitajia ile tiba ya kuingia mwilini kwa tundu dogo pasina kupasua, huku tabibu akiongozwa na picha ya ndani ya mwili inayoonekana kwenye kioo mbele yake. Ukilitafsiri kipande kwa kipande utapata "tiba yenye kuingilia kwa uchache kabisa". Hapo ndipo kalamu yangu hukwama. Kwetu kuingilia ni kitendo kizito. Mtu huingiliwa katika mambo yake akaghadhibika. Huingiliwa nyumbani kwake akaita majirani. Na huingiliwa kwa namna nyingine ambayo haitajwi barazani. Sijapata kusikia mtu aliyekwenda kwa sheha kushitaki kwamba ameingiliwa kidogo.

Mimi si tabibu, na shule niliiacha mapema. Kiingereza nilijifunza kwa redio na kwa kamusi iliyokwisha jalada, na kazi yangu ni mashairi na tafsiri. Lakini suali nitakalolizungumza hapa halikunijia kwa vitabu. Lilinijia katika chumba cha hospitali nikiwa mkalimani wa mama yangu mzazi, na hadi leo sijalimaliza. Suali lenyewe ni hili: je, ridhaa ya mgonjwa hupimwa kwa ukubwa wa jeraha? Kisu kinapokuwa kirefu sote twakubaliana kuwa mgonjwa aelezwe, aulizwe, na akikataa aachiwe. Kisu kikigeuka kuwa sindano, je, haki ile nayo hupungua?

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Mwaka 1953, tabibu wa Kiswidi aliyeitwa Sven-Ivar Seldinger, akifanya kazi Stockholm, alieleza njia ambayo mshona kofia yeyote wa Unguja angeifahamu kwa kuitazama mara moja. Mshipa wa damu huchomwa kwa sindano yenye uwazi. Ndani ya sindano hupitishwa waya mwembamba. Sindano hutolewa, waya hubaki. Juu ya waya huvishwa mpira mwembamba, ukateleza hadi ndani ya mshipa, kisha waya nao huvutwa ukatoka. Basi. Kutoka kwenye kinena au kwenye kifundo cha mkono mpira ule huweza kusukumwa hadi moyoni, kwenye ini, kwenye figo, hata kwenye ubongo, na tabibu huufuata kwa macho kwa msaada wa miali ya eksirei na dawa ya rangi inayotiwa ndani ya damu ili mishipa ionekane. Kwa njia hiyo mshipa uliosinyaa hutanuliwa kwa puto dogo, mshipa unaovuja huzibwa, na uvimbe hupelekewa dawa mlangoni kwake. Jinsi nyingine za tiba hii hutumia altrasaundi au mashine za siti skani. Ni kazi ya ajabu, na mwenye kuidharau hajapata kuuona mguu uliokuwa baridi kama samaki wa barafu ukirejewa na joto.

Mimi nimeuona.

Mama yangu aliishi na maradhi ya sukari kwa miaka mingi. Mwaka 2014 kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kiligeuka rangi, kisha kikawa cheusi. Hapa nyumbani aliambiwa mguu ukatwe chini ya goti. Akakataa. Alisema miguu hii alipewa miwili na atairejesha miwili, na hakuna aliyemtoa hapo, si sisi wanawe wala ndugu zake wakubwa. Tukachanga, tukakopa, tukauza kilichouzika, nikaenda naye India, kama wanavyokwenda wengi wa visiwani wenye maradhi makubwa. Huko tulimkuta tabibu kijana, mtaratibu, mwenye heshima kwa wazee. Alimwonyesha mama picha ya mshipa wa paja lake, ikifanana na mto wa kiangazi: maji hapa, mchanga pale, maji tena mbele.

Kisha akaanza kueleza. Alisema kwa muda wa robo saa nzima. Alisema jinsi tundu litakavyotobolewa kwenye kinena na jinsi puto litakavyotanuliwa. Alisema dawa ya rangi hutolewa mwilini na figo, na kwamba figo za mama, kwa ajili ya sukari, tayari zilikuwa dhaifu, hivyo yumkini dawa ile ikazielemea, na ikiwa hivyo huenda akahitaji kuoshwa damu kwa mashine. Alisema mshipa huweza kupasuka, au kipande cha damu iliyoganda kikachukuliwa kikaziba kwengine. Alisema yote hayo yakifanyika huenda mguu bado ukaja kukatwa. Hakuficha kitu. Kisha akanigeukia mimi, anisubiri.

Nikamwambia mama: "Anasema watakutoboa tundu dogo hapa kwenye kinena, watapitisha mpira mwembamba, watauzibua mshipa. Hukatwi. Ni kama sindano."

Mama akanitazama. "Mwanangu, mbona mwenzio kasema mengi na wewe wasema machache?"

"Kizungu kina maneno mengi, mama."

Akatabasamu. Akachukua kalamu akatia jina lake kwa hati za Kiarabu, kwani ndizo alizozijua.

Nataka msomaji aione hali ilivyokuwa. Katika yale niliyomwambia kuhusu tiba hapakuwa na neno moja la uongo. Tundu lilikuwa dogo, mpira ulikuwa mwembamba, hakukatwa. Uongo wangu ulikuwa katika kipimo, na kipimo hicho nilikipata kwenye lile tundu. Nilijiambia: kitu chenyewe ni cha kupita sindano, kwa nini nimtie mzee hofu ya mashine na damu iliyoganda? Lau ingelikuwa ni kupasuliwa kifua nisingethubutu kufupisha hivyo. Udogo wa jeraha ulinipa ruhusa, au niseme nilijipa ruhusa kwa jina lake.

Miaka ilipita kabla sijaanza kusoma historia ya tiba hii. Nilipoisoma nilishituka kukuta kwamba mlangoni mwake kabisa amesimama mtu aliyemhadaa mwenzake kwa nia njema. Mtu huyo ni Werner Forssmann, Mjerumani. Mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 24 na shahada bado mbichi, alikuwa katika hospitali ndogo ya mji wa Eberswalde, si mbali na Berlin. Alikuwa na fikra kwamba mpira mwembamba waweza kupitishwa kwenye mshipa wa mkono hadi ndani ya moyo wa mtu aliye hai, bila ya kumuua. Wakubwa wa taaluma wakati huo waliuona moyo kuwa ni kitu kisichoguswa. Mkuu wake alimkataza asijaribu, hata kwa nafsi yake mwenyewe.

Vifaa vilivyosafishwa vilikuwa chini ya muuguzi wa chumba cha upasuaji, Gerda Ditzen. Kama alivyokuja kusimulia Forssmann mwenyewe baadaye, alimwendea muuguzi huyo siku baada ya siku akimweleza fikra yake, hadi akamvutia upande wake. Muuguzi akakubali kutoa vifaa, lakini kwa sharti moja: mwili utakaojaribiwa uwe wake yeye. Forssmann akaitikia. Akamlaza juu ya meza, akamfunga mikono na miguu, akampaka dawa mkononi kana kwamba yuko tayari kuanza. Kisha, pale asipoweza kumwona, akauchanja mkono wake mwenyewe, akaingiza mpira uliotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo, akausukuma. Alipomfungua muuguzi, kazi ilikwisha anza. Wakateremka ngazi pamoja hadi chumba cha eksirei, mpira ukiwa ndani ya mkono wake. Muuguzi akamshikia kioo cha kujitazamia ili aone picha, naye akausukuma mpira hadi ukaingia chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo, urefu wa sentimita 65. Picha ikapigwa. Picha ile ipo hadi leo, na mwaka 1956 ilimpatia Tuzo ya Nobel akishirikiana na André Cournand na Dickinson Richards, walioiendeleza kazi hiyo huko New York.

Vitabu humsifu Forssmann kwa ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alikichimba na akaingia kwa hiari yake. Hata hivyo jicho langu halibanduki kwa yule mwanamke aliyefungwa juu ya meza. Yeye alielezwa zaidi kuliko mama yangu. Alijua hatari, aliipima, akaichagua. Ridhaa yake ilikuwa timamu, na ridhaa hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwa kamba ya kumfungia. Msomaji ataniambia kwamba alinusurika hatari, na kwamba laiti angeulizwa leo pengine angelicheka. Huenda. Sina jibu la kumridhisha mtu anayepima wema kwa hesabu ya waliopona. Najua tu kwamba mtu aliyejitolea kwa jambo kubwa aligeuzwa kifaa cha jambo hilo, na kwamba kuokolewa kwake hakukumrejeshea kile alichochukuliwa.

Na tusimfanye Forssmann walii. Mwaka 1932 alijiunga na chama cha Wanazi, akabakia humo hadi vita vilipokwisha. Katika miaka ya vita matabibu wa nchi yake walifanya majaribio juu ya miili ya wafungwa ambao hakuna aliyewauliza. Simtii yeye katika vitendo hivyo, lakini ni kwa sababu ya vitendo hivyo kwamba mwaka 1947, katika hukumu iliyotolewa Nuremberg, kanuni ya kwanza ya utafiti juu ya binadamu iliandikwa kuwa ridhaa ya hiari ya mhusika. Ujasiri juu ya mwili wako ni fadhila moja. Kuuheshimu mwili wa mwenzio ni nyengine, na ya kwanza haikuletei ya pili.

Mwanamke mwengine katika historia hii alikuwa mkaidi kama mama yangu, ndiyo maana nampenda. Tarehe 16 Januari 1964, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, bibi wa miaka 82 alikuwa hospitalini na mguu uliokuwa ukioza kwa kukosa damu. Wapasuaji walimshauri akatwe mguu. Hakutaka. Basi wakamwita tabibu wa mionzi, Charles Dotter, mtu aliyekuwa akishikilia kwamba mpira unaopelekwa ndani ya mshipa kwa ajili ya kupiga picha waweza vile vile kutibu. Dotter aliupitisha waya pale mshipa wa paja uliposinyaa, akavisha juu yake mpira mwembamba, kisha mnene zaidi, njia ikatanuka. Mguu ukapata joto. Bibi yule alikufa miaka kadhaa baadaye kwa maradhi mengine, akiwa na miguu yake miwili.

Watu wa taaluma hawakumshukuru Dotter upesi. Yasimuliwa kwamba mpasuaji mmoja alimpelekea mgonjwa na karatasi iliyoandikwa kuwa apige picha tu, asijaribu kutengeneza. Ilibidi njia yake ivuke bahari, ikalelewa na Wajerumani na Waswisi, hadi tarehe 16 Septemba 1977 Andreas Grüntzig alipotanua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zurich, mgonjwa akiwa macho. Maputo yake ya mwanzo Grüntzig aliyaunda juu ya meza ya jikoni kwake. Hayo ni kwa mukhtasari. Mwenye kutaka ataisoma habari hiyo mwenyewe, ina mengi ya kufurahisha.

Ninachotaka kukishika hapa ni kule kukataa. Aghalabu tukizungumza juu ya ridhaa huwa tunafikiria ndiyo: mgonjwa aseme ndiyo, atie saini, kazi iendelee. Lakini Portland mlango ulifunguliwa na hapana. Lau bibi yule angelikuwa mtiifu, mguu ungelikatwa asubuhi, na Dotter angelibaki na nadharia yake. Utafiti wa tiba hii, wenye fahari ya kupunguza majeraha, una deni kwa watu waliokataa kujeruhiwa. Na mtu hawezi kukataa asichoambiwa.

Kuna jambo jengine linaloitofautisha tiba hii, nalo ni jicho. Mpasuaji wa kale aliutazama mwili wenyewe. Tabibu wa leo wa mpira na waya huupa mwili bega, akatazama kioo. Mkono uko kwa mgonjwa, macho yako kwa kivuli chake. Simlaumu, kwani mimi pia ndivyo nifanyavyo kazi: mshairi wa Kiingereza simwoni, namwona katika vivuli vya maneno, na mkono wangu huandika pembeni. Wasiwasi wangu ni mwengine. Katika kazi kama hiyo madhara nayo huhamia mahali pasipoonekana. Miali ya eksirei haiachi tundu hata moja, na mtu huweza kukaa miaka asijue alichofanyiwa. Mjini Hamburg, mwaka 1936, ilisimamishwa nguzo ya kumbukumbu ya matabibu, wauguzi na mafundi waliouawa na miali hiyo katika miaka ya mwanzo, na majina yaliyochongwa hapo yalizidi 150. Wengi wao walianza kwa vidonda vya vidole. Leo mavazi ya risasi na vipimo vya mionzi vimeyabadilisha mambo sana, alhamdulillahi. Lakini nguzo ile yatosha kutuonya tusiupime uzito wa kitu kwa alama kinayoiacha juu ya ngozi. Na figo ya mama yangu haikuwa na ngozi ya kuonyesha alama.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema: ridhaa hii ya mtu mmoja mmoja, ya karatasi na saini, ni desturi ya Wazungu. Kwetu mgonjwa si wa peke yake. Wanawe, ndugu zake na wazee wa ukoo humbebea maradhi, humbebea na habari za maradhi, na kumficha mzee neno zito ni katika adabu na huruma. Hofu yenyewe huua. Nimeyasikia haya kwa watu ninaowaheshimu, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Kama mama angelisema, "Amueni nyinyi, mimi msinambie," ningelikuwa na haki ya kubeba yote na kunyamaza, na hilo lingelikuwa ridhaa pia, ridhaa ya kutojua. Lakini hakusema hivyo. Aliniuliza mbona nasema machache. Aligonga mlango, nami nilikuwa nyuma yake nimeushika.

Mfano uliokuja kunifunua macho zaidi ni wa hivi karibuni, na ni mfano wa watu waliohadaiwa kwa haki. Mwaka 2017 jarida la matabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali tano za Uingereza ukiongozwa na Dk. Rasha Al-Lamee wa Imperial College London. Wagonjwa 200 wenye maumivu ya kifua yanayoletwa na mshipa wa moyo uliosinyaa waligawanywa kwa kura mafungu mawili. Wote waliingizwa katika chumba kile kile. Wote walipewa dawa ya kuwalewesha, wakavishwa vifaa vya masikioni vikiwapigia muziki wasisikie mazungumzo, wote wakatobolewa na mpira ukafika kwenye mishipa ya moyo. Kisha 105 wakatanuliwa mshipa na kuwekewa kimirija cha chuma cha kuushikilia. Wale 95 hawakufanyiwa kitu. Wakaachwa walale kidogo, wakatolewa. Hawakujua wao, hawakujua wauguzi waliowapokea nje. Baada ya wiki sita wote walitembezwa juu ya mashine, na tofauti baina ya mafungu mawili, katika muda waliostahimili, ikawa ndogo mno hata isihesabiwe.

Matabibu wengi walighadhibika. Mwaka 2023 kundi hilo hilo likatoa utafiti wa pili, wa wagonjwa 301 ambao waliachishwa dawa zao za maumivu ya kifua, na safari hii kimirija kikaonekana kuyapunguza maumivu kuliko kile kiini macho. Kwa hiyo jambo la tiba lenyewe lina pande zake, na mimi si wa kulihukumu. Ninachokitazama ni wale waliotobolewa pasipo tiba. Ukiwatazama kwa haraka utasema wamedhulumiwa: wametiwa mpira moyoni bila faida yao. Lakini kabla ya siku ile kila mmoja aliketishwa akaambiwa kwamba huenda akatobolewa bure, na kwamba hataambiwa hadi muda utimie. Waliridhia kudanganywa, na walijua umbo la udanganyifu wenyewe.

Nimewaweka watu hao upande mmoja, na mama upande wa pili. Wao hawakutibiwa, na waliambiwa kila kitu. Yeye alitibiwa kweli kweli, na aliambiwa robo. Nani aliyehadaiwa?

Kwa upande wa mguu, tiba ya mama ilifaulu. Jioni ile ile niliugusa unyayo wake ukawa na joto, nami nikalia mbele ya watu. Kidole kile kimoja kiliondolewa baadaye, basi. Lakini siku ya tatu mkojo ukapungua, uso ukavimba, akawa hoi. Figo zilikuwa zimeelemewa. Aliunganishwa na mashine ya kuosha damu mara kadhaa, na safari ya siku kumi ikawa ya mwezi na zaidi. Siku moja alipopata nguvu ya kuzungumza alimuuliza yule tabibu kijana, kupitia kwangu, kama haya nayo yametoka kwenye mguu. Tabibu akashangaa kidogo. Akamjibu kwa upole kwamba haya ndiyo aliyomweleza siku ile ya kwanza, kuhusu dawa ya rangi na figo.

Nikanyamaza. Yeye akanisubiri, mama naye akanisubiri. Kisha nikatafsiri, safari hii neno kwa neno.

Mama hakusema kitu mbele ya mgeni. Usiku, taa zimeshapunguzwa, akaniita kwa jina la utotoni. "Ungelinambia," akasema, "ningelikubali vile vile. Lakini ningelikubali mimi."

Hakulirejea tena neno hilo. Figo zilirudi kwa kiasi, si kama mwanzo. Aliishi miaka mitano mingine akenda kwa miguu yake hadi msikitini na hadi kwa shoga zake, na kila nikimwona akivuka njia nilifurahi, na nikaona haya, vyote pamoja.

Tangu mwaka 2018 kumekuwa na mafunzo ya tiba hii Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, yaliyoanzishwa kwa msaada wa matabibu kutoka Chuo Kikuu cha Yale na kwengineko, na sasa wapo Watanzania walioisomea hapa hapa. Tangu mwaka 2015 ipo pia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa hiyo mwenye mguu kama wa mama huenda asihitaji tena kuvuka bahari kubwa, wala kumchukua mwanawe awe mkalimani. Tabibu na mgonjwa watazungumza Kiswahili. Hilo lanifurahisha mno, na pia ndilo lililonirejesha kwenye kamusi yangu. Wataalamu wameanza kuiita tiba radiolojia, neno la kiofisi lisilomdhuru mtu wala kumwambia kitu. Wengine husema upasuaji wa tundu dogo. Hilo ndilo linalopendwa na watu, na ndilo ninaloliogopa, kwa kuwa lile "dogo" huwa limeshafanya kazi kabla tabibu hajafungua kinywa. Kama ningeulizwa, ningechagua "tiba ya kuongozwa kwa picha". Haisemi chochote juu ya ukubwa. Inamwacha mgonjwa aulize: picha ya nini, na mnaniongozea nini ndani?

Sijaridhika nalo. Lina urefu, na halina mizani nzuri.

Mwezi uliopita jirani yangu, mvuvi, alinijia baada ya alasiri na barua ya rufaa mkononi. Anatakiwa kwenda Dar kwa ajili ya mshipa wa mguu. Aliambiwa na watu wa mtaani kuwa mimi nayajua mambo hayo. "Eti ni kitundu tu, bwana mkubwa?" aliniuliza akiwa bado amesimama mlangoni. Nikamwambia aingie akae, maana maelezo yake ni marefu. Akavua viatu. Nikamwita mke wangu atutilie chai.